Mzazi na Barua ya Skuli

Ndugu msomaji, leo napenda nizungumze nawe juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihisabu kuwa dogo. Nalo ni ile khabari itokayo skuli kuja kwa mzazi: kumwambia mwanawe anasoma nini, mtihani ni lini, siku ya michezo ni lini, na mtoto avae nini. Zamani ilikuwa ni barua ya karatasi. Sasa huja ndani ya simu, na katika kundi moja la wazazi zaweza kuingia khabari ishirini kabla ya adhana ya Isha. Huku kwetu Kenya, tangu Januari 2023, watoto wamefanyiwa daraja lao mbali, gredi ya 7 mpaka ya 9, lililoitwa sekondari ya chini lilipoanza. Wazazi wa watoto hawa ndio wanaoandikiwa kuliko wote, maana mtaala ni mpya, mitihani ni mipya, na walimu wenyewe wamekuwa wakiijifunza njia huku wakiipita.

Nawaona watu barazani. Mtu huitoa simu, akaitazama, akasema, "Ah, mambo ya skuli haya," akairudisha mfukoni, na mazungumzo yakaendelea. Mimi nina sababu yangu ya kushtuka nionapo hivyo, na nitaieleza kabla hatujaagana. Lakini kwanza tutazame nyuma, tujue jambo hili limetoka wapi.

Wako wanaodhani kwamba mambo ya mzazi kuarifiana na mwalimu yaliletwa na Wazungu pamoja na kengele na kiranja. Si kweli. Katika mji wa Qayrawan, ulioko Tunisia ya leo, aliishi mwanachuoni wa madhehebu ya Imam Malik akiitwa Muhammad bin Sahnun, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, yaani 870. Yeye aliandika kitabu kidogo juu ya adabu za walimu wa watoto, nacho ni katika vitabu vya mwanzo kabisa tulivyo navyo katika mlango huu. Ndani yake hakuna maneno makubwa makubwa. Mna mambo ya kila siku: mwalimu alipwe vipi, watoto wapumzike lini, mtoto akihitimu Qur'ani mwalimu ana haki gani kwa mzazi. Mwalimu hana ruhusa ya kuwatuma watoto katika shughuli zake mwenyewe. Hana ruhusa ya kumbagua mtoto wa maskini na wa tajiri. Na katika adhabu amewekewa mpaka, nao ni fimbo tatu. Akiona pana haja ya kuzidisha, aombe idhini ya baba. Fikiri hapo, ndugu yangu. Zaidi ya miaka elfu moja na mia iliyopita mwalimu alitakiwa amfikie mzazi na amweleze mambo kabla ya kuunyanyua mkono mara ya nne.

Na baba yake Muhammad, Imam Sahnun, mwenye kitabu mashuhuri cha Al-Mudawwana, alipompeleka mwanawe huyu chuoni alimwagiza mwalimu asimtie adabu ila kwa kumsifu na kwa maneno laini, kwani hakuwa mtoto wa kulelewa kwa kipigo na ukali. Hayo nayo ni maagizo ya mzazi kwenda skuli. Na mtoto aliyeagiziwa hivyo ndiye aliyekua akatuandikia kitabu.

Amma katika vyuo vyetu vya pwani, kutoka Lamu mpaka Kilwa na visiwani, hapakuwa na barua kwa kuwa hapakuwa na haja yake. Maalim na baba wa mtoto walisali msikiti mmoja. Mtoto asipofika chuoni asubuhi, adhuhuri baba ameshajua. Masomo yenyewe yalionekana kwa macho: mtoto akirudi na ubao wake, mama aliziona aya zilizoandikwa akajua mwanawe amefika wapi. Akimaliza juzuu ya Amma, mtaa mzima ulijua, maana kulipikwa kitu kikapelekwa chuoni kikaliwa na watoto wote. Chuo kilifungwa Alkhamisi na Ijumaa na hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Na mavazi hayakuwa na masharti ya kuandikwa. Mvulana alivaa kanzu na kofia, msichana alijitanda leso. Alivyovaa nyumbani ndivyo alivyovaa chuoni.

Sitaki kuwapamba wazee wetu kwa uwongo. Vyuo hivyo vilikuwa na kasoro zake. Wengi tulihitimu hatujui maana ya tulichokisoma, na ile fimbo ya Ibn Sahnun yenye mpaka wa tatu, kwetu haikuwa na mwenye kuihisabu. Ninachosema ni kwamba baina ya mzazi na maalim hapakuwa na pazia.

Mambo yakabadilika zilipoingia skuli za serikali. Wajerumani, ambao wazee wakiwaita Wadachi, walifungua skuli Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Unguja skuli ya kwanza ya serikali ilianza mwaka 1905, na Idara ya Elimu ikaundwa mwaka 1907. Mombasa skuli ya wavulana wa Kiarabu ilifunguliwa mwaka 1912. Na mahali pote wazazi wa Kiislamu walisitasita. Vitabu vingi vilivyoandikwa na wakubwa wa kikoloni vimewasema vibaya kwa hilo, kwamba watu wa pwani hawakutaka elimu. Maneno haya hayana haki. Mtu ambaye mwanawe huenda chuoni tangu alfajiri hawezi kuambiwa kwamba hataki elimu. Wazazi walikuwa na maswali, nayo yalikuwa ya maana: Je, Qur'ani itasomwa saa ngapi? Nani atamsomesha mwanangu, na ni wa dini gani? Atavaa nini? Maswali matatu tu, na kwa miaka mingi hapakuwa na aliyeona kwamba kuyajibu ni wajibu wake.

Yalipojibiwa, mlango ulifunguka. Unguja, katika miaka ya 1920, Qur'ani na masomo ya dini yalitiwa ndani ya ratiba ya skuli za serikali, na wazazi waliokuwa wakiwaficha watoto wakaanza kuwaleta wenyewe. Katika kizazi hicho alitoka Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982. Alisoma skuli, akawa mwalimu wa skuli, akasimamia masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba, kisha akaja kwetu Kenya kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1968, na mwaka wa pili yake tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ikatoka. Skuli haikumwondolea dini yake.

Lakini liko jambo moja ambalo halisemwi sana, nami naona ndilo kubwa kuliko hayo. Ni jambo la herufi.

Kabla ya skuli hizi, mtu wa pwani aliyepita chuoni alikuwa msomaji. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Liwali aliandika hivyo, kadhi aliandika hivyo, nahodha aliandika hivyo, na mfanyabiashara wa Mombasa alimwandikia mwenziwe wa Lamu barua ya deni kwa herufi hizo na ikafahamika. Kulikuwa na tabu ya sauti zetu ambazo Kiarabu hakina, kama p na ch na g na v, na wanavyuoni wa Mombasa walishaitafutia dawa kwa kuongeza nukta na alama. Tena mashairi yetu makubwa yote yalihifadhiwa kwa mwandiko huo. Skuli zilipokuja zilishika herufi za Kizungu, na mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya kukisanifisha Kiswahili kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, mambo yalikwisha kukatwa: Kiswahili cha vitabu vya skuli ni cha herufi za Kizungu.

Sisemi kwamba herufi hizo ni haramu. Mimi nakuandikia kwazo sasa. Nasema yaliyompata mzazi. Katika muda wa kizazi kimoja, baba aliyekuwa akisoma na kuandika aligeuzwa kuwa mtu asiyejua kusoma. Hakusahau kitu. Ni karatasi iliyobadilika. Barua ya skuli ikimfikia, alikuwa hana budi kumwita mtoto wake amsomee. Na huku Kenya barua nyingi zilikuja kwa Kiingereza, ikawa tabu juu ya tabu. Hivyo mtoto anayesemwa ndani ya barua, au ndugu yake, akawa ndiye mkalimani baina ya baba na mwalimu. Mwenye watoto anajua hatari iliyomo humo.

Wako waliojaribu kuliziba pengo hilo kwa magazeti. Pale pale skuli ya Tanga likachapwa gazeti la Kiongozi tangu mwaka 1904, na Dar es Salaam Idara ya Elimu ikatoa Mambo Leo tangu mwaka 1923, likapendwa kila upande. Kwetu Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alitoa Al-Islah mwaka 1932 kwa Kiarabu na Kiswahili. Yeye hakuwatuliza wazazi. Aliwaamsha kwa makali kwamba wanalala huku wenzao wakisomesha, na papo hapo akiwaonya wasiwape watoto wao wasiowajua, wala wasidhani kwamba elimu ni kuiga mavazi na mwendo wa Mzungu. Mimi sikumdiriki, alifariki mwaka 1947, lakini walimu wangu walimdiriki, na nilipokuwa kijana walikuwa bado wakisimulia makala zake kama zimetoka jana.

Sasa tuje kwenye hili daraja la kati, ambalo watu hulizungumza kana kwamba limezuliwa juzi. Wenye umri wataikumbuka Tanganyika ya miaka ya 1950. Mtoto alisoma darasa la kwanza mpaka la nne, kukawa na mtihani, na aliyefaulu alikwenda shule ya kati, darasa la tano mpaka la nane. Nyingi zilikuwa za kulala huko huko, na kilimo kilikuwa sehemu kubwa ya masomo, hata wazazi wakanung'unika kwamba jembe analo nyumbani, hakumpeleka mwanawe skuli kulifuata. Kenya nayo, baada ya ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, ilikuwa na mpango wa namna hiyo hiyo: minne, kisha minne ya kati, kisha minne ya juu. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, madaraja hayo mawili ya chini yaliunganishwa yakawa shule ya msingi moja. Basi daraja hili la leo ni mgeni aliyewahi kukaa nyumba hii zamani.

Kwa nini daraja hili lishughulishe kurasa za gazeti la dini? Kwa sababu ya umri. Tazama watoto walioko gredi ya 7 mpaka ya 9: wengi wana miaka 12 mpaka 15. Sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi twajua kwamba dalili za baleghe zaweza kuonekana tangu miaka tisa, na zisipoonekana, basi kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi mtu amebaleghe, nayo kwa hisabu ya kalenda ya Kizungu ni kama miaka 14 na nusu. Yaani mtoto huingia daraja hili hajaandikiwa kitu na hutoka ameandikiwa kila kitu. Sala ni yake, saumu ni yake, na kusitiri mwili ni wajibu wake mwenyewe mbele ya Mola wake. Nayo skuli, kwa miaka hiyo hiyo mitatu, ndiyo inayomwambia kutwa avae nini. Ikiwa mzazi na skuli hawasemezani wakati huu, wakati gani watasemezana?

Kwa upande wa wasichana wazee wa Unguja walilifahamu hili mapema. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa huko mwaka 1927, na haikufunguka kwa nguvu. Ilifunguka kwa sababu wazazi waliridhishwa kwamba walimu ni wanawake, na kwamba heshima ya binti italindwa njiani na ndani ya skuli. Nenda Unguja leo utazame asubuhi barabarani: ushungi mweupe ni sehemu ya sare, na hakuna anayeugombea. Huku bara na pwani ya Kenya mambo yalikwenda njia nyingine, kwa kuwa skuli nyingi zilianzishwa na misheni, na hata serikali ilipozichukua, kanuni za mavazi zilibaki zile zile katika mahali pengi. Hivyo binti wa Kiislamu aliingia katika nyumba yenye desturi za watu wengine. Kila mara ilitegemea mwalimu mkuu ni nani, na mzazi ni nani, na je, wameonana?

Hapa ndipo nitakapoieleza sababu yangu.

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka 12. Dada yangu alikuwa na miaka 14, yuko darasa la saba, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Alikuwa na akili kunishinda mimi mara nyingi. Hesabu zangu alikuwa akinifanyia yeye. Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu na suruali, na vipimo vya wateja wake alikuwa akiviandika katika daftari kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kabisa. Herufi za Kizungu hakuzijua ila tarakimu.

Siku moja dada akarudi na barua ndani ya bahasha iliyogandishwa. Baba hakumpa yeye aisome, kwa kuwa alihisi kwamba yeye ndiye anayesemwa ndani. Aliniita mimi. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Wenzangu walikuwa nje wakinipigia mbinja, tulikuwa na mpira jioni ile. Nikaisoma upesi upesi, nikamfasiria baba: mwalimu mkuu anasema wasichana wamekuwa wakija wamejifunika juu ya yunifomu bila ruhusa, kila mmoja na nguo yake na rangi yake, na kuanzia Jumatatu msichana asiyekuwa na yunifomu kama ilivyoandikwa atarudishwa nyumbani. Baba akauliza, "Ndiyo hayo tu?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Akaichukua barua akaikunja. Nikatoka mbio kwenda mpirani.

Dada yangu hakwenda skuli Jumatatu ile, wala hakwenda tena. Hakufanya mtihani. Baba hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba binti yake hatavuliwa nguo kichwani kwa ajili ya karatasi, na kwa jinsi alivyoelezwa, mimi simlaumu. Baada ya miaka mitatu dada akaolewa, na alhamdulillahi amepata mume mwema na watoto wema.

Baba alifariki mwaka 1996. Tulipokuwa tukiyapanga mambo yake, ndani ya mtoto wa meza ya ile cherehani niliikuta barua ile, imekunjwa vile vile, na pembeni ameandika kwa herufi za Kiarabu tarehe ya siku aliyoipokea. Nikaikunjua nikaisoma. Kisha nikaigeuza, na ndugu msomaji, barua ilikuwa na nyuma yake. Kulikuwa na maneno ya mstari minane au tisa. Mwalimu mkuu alisema kwamba anafahamu kuwa baadhi ya wasichana wanajifunika kwa sababu ya dini yao. Akasema yuko tayari kuwaruhusu kuvaa kitambaa cheupe kichwani na suruali nyeupe chini ya gauni, mradi wote wawe sawasawa, na mzazi anayetaka hivyo aje skuli kabla ya Ijumaa aseme mwenyewe au alete barua.

Suruali nyeupe. Baba yangu alikuwa akizishona kila siku. Ingemchukua baina ya Alasiri na Magharibi.

Sikuwa nimesema uwongo wa kukusudia, na najua kwamba mtoto wa miaka 12 kalamu haijamwandikia. Lakini elimu ya fiqhi, nimeisoma na kuisomesha, haikunipa usingizi usiku ule. Nilikaa na barua ile miezi kadhaa, kisha nikaipeleka kwa dada yangu. Kiingereza chake cha darasa la saba kilikuwa bado kipo. Akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Akaikunja. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Basi nimeishi nikifuatilia mambo haya, na nilipoisikia kesi ya Isiolo nilikuwa nikisoma kila kilichoandikwa juu yake. Mwaka 2014 kulitokea mzozo katika skuli moja ya sekondari kule, skuli iliyo chini ya kanisa, kwa wasichana wa Kiislamu waliotaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya yunifomu. Nguo zile zile! Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikawakatalia. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikawaruhusu, na ikaiagiza skuli iketi kushauriana na kuzitengeneza kanuni zake ili ziweze kuwapa nafasi wanafunzi wa namna hiyo. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, kwa sababu ya namna madai yalivyopelekwa mahakamani. Watu wakasema Waislamu wameshindwa. Mimi nasema hakuna aliyeshinda, maana miaka mitano ilipita, na msichana aliyekuwa kidato cha kwanza kesi ilipoanza alishamaliza kidato cha nne kabla haijakwisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, imempa kila mtu uhuru wa dini yake, na haki hiyo yafaa kuidai. Lakini mahakama ni dawa ya mwisho, na ni dawa ya polepole. Binti wa miaka 14 hana miaka mitano ya kungoja.

Nimewahi kukaa katika kamati za skuli, na nimezungumza na walimu wakuu, Waislamu na wasio Waislamu. Wengi, si wote, husema neno moja: wazazi wetu hawaji. Huja siku ambayo mtoto ameshafukuzwa, wakaja kumi kwa pamoja, na hasira. Siku ya kuulizana juu ya rangi ya ushungi, urefu wa gauni la michezo, au binti aogelee wapi na nani, viti vyetu viko wazi. Na kanuni hupitishwa na waliokuja. Vivyo hivyo katika masomo. Skuli hutangaza masomo ya ziada Jumamosi asubuhi, ambayo ndiyo saa ya madrasa, na sisi walimu wa madrasa hatuulizwi, kwa kuwa hakuna mzazi aliyejibu kusema kwamba mwanawe ana darasa jingine saa hizo. Niliwahi kumwendea mwalimu mkuu mmoja, si Muislamu, nikamweleza jambo hilo. Alitoa daftari lake akahamisha saa zile hadi mchana pale pale, akasema hakuna aliyewahi kumwambia.

Akina mama ndio wanaoziba pengo hili siku hizi, tuseme kweli. Katika makundi hayo ya simu ndio wanaosoma na kuuliza, na baba hupelekewa khabari ikiwa imebaki neno moja tu, nalo ni pesa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na akamtaja mwanamume katika nyumba yake na mwanamke katika nyumba yake, kila mtu kwa nafasi yake. Hakumpa mmoja udhuru kwa kuwa mwenzake yuko macho.

Na ikiwa khabari imekuja kwa lugha usiyoifahamu, uliza mtu mzima, tena watu wawili. Iombe skuli iandike kwa Kiswahili. Ni haki yako kuomba, na skuli nyingi hukubali zikiombwa. Usimpe mtoto akufasirie yanayomhusu yeye, wala usimpe nduguye mwenye mpira jioni.

Dada yangu yu hai, ni bibi sasa, na mjukuu wake wa kike yuko gredi ya 8. Wazazi wa mtoto wako Ughaibuni, kwa hiyo yeye ndiye aliyeko katika kundi la wazazi. Macho yake hayana nguvu tena, na herufi za simu ni ndogo, hivyo mjukuu humsomea. Mwezi uliopita nilikuwa kwao ilipoingia khabari ya safari ya skuli na nguo zitakazovaliwa. Mtoto akasoma mpaka mwisho, akaiweka simu chini. Bibi yake akamwambia aichukue tena, apandishe kidole, atazame kama kuna kitu huko chini.